Pua Iliyosingiziwa

Milima ya Usambara husifiwa kwa macho. Mgeni akifika Lushoto hupelekwa Irente aitazame Mazinde ilivyo chini kabisa, au hupandishwa hadi Mtae azione nyanda za Mkomazi. Hata ua lililoitangaza milima hii duniani, lile ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga enzi za Wajerumani, alilipeleka kwao mwaka 1892, na ambalo leo limejaa kwenye madirisha ya nyumba za Ulaya na Marekani, ni ua la kutazamwa tu: halinukii. Sina ugomvi na mandhari wala na ua. Ugomvi wangu ni na imani inayoyapa macho kila kitu, imani inayorudiwa darasani, vitabuni na redioni kana kwamba ilikwisha kuthibitishwa zamani: kwamba binadamu ana pua butu, kwamba kunusa ni kazi ya mbwa na fisi, na kwamba mwanadamu aliposimama kwa miguu miwili na ubongo wake ukapanuka, pua ilibaki usoni kama salio la enzi za mwituni. Imani hiyo si kweli, na la kushangaza zaidi ni kwamba walioianzisha hawakuwahi kuipima.

Chanzo chake kinajulikana. Paul Broca, daktari Mfaransa ambaye jina lake limebaki kwenye sehemu ya ubongo inayohusika na usemi, aliwagawa wanyama wanyonyeshao mwaka 1879 katika makundi mawili: wanaotawaliwa na kunusa, na wale ambao kunusa kwao kumefifia. Binadamu akawekwa kundi la pili. Broca hakumpa mtu chupa anuse, wala hakumuuliza yeyote kama anaweza kutofautisha hiki na kile. Alichokitazama ni bongo za maiti. Aliona kwamba sehemu ya mbele ya ubongo wa binadamu ni kubwa mno, na kwamba kile kifundo cha neva kilicho juu ya pua, nitakachokiita tunguu la kunusia, ni kidogo kikilinganishwa na ubongo wote. Akafunga hesabu: mnyama hunusa akatii, mtu hunusa akaamua, hivyo mtu ameikomboa nafsi yake kutoka kwenye utumwa wa harufu. Ukiitazama vizuri, hiyo ilikuwa hoja juu ya hiari ya mwanadamu, mjadala mkubwa wa Ufaransa ya wakati ule, wala haikuwa hoja juu ya pua. Waliomfuata waliisahau falsafa wakabaki na udogo wa tunguu. Sigmund Freud akaongeza chumvi yake, akidai kwamba kufifia kwa kunusa ni sehemu ya gharama ya ustaarabu. Kutoka hapo wazo likaingia katika vitabu vya shule, na vitabu vya shule vikisha kumeza kitu huchukua muda mrefu kukitapika. John McGann wa Chuo Kikuu cha Rutgers aliifuatilia njia hiyo yote katika makala yake ya mwaka 2017 kwenye jarida la Science, na alichokipata mwanzoni mwa njia ni maoni, si jaribio.

Hoja ya udogo yenyewe haisimami hata ukiichukua jinsi ilivyo. Tunguu la binadamu lina ujazo wa milimita za ujazo zipatazo 60. La panya mdogo wa nyumbani halifiki 10. Kama ukubwa ndio kipimo, binadamu anamwacha panya mbali. Watetezi wa Broca watasema ukubwa unaohesabika ni ule wa kulinganisha na ubongo wote. Kwa nini? Ubongo wa binadamu ulikua kwa ajili ya usemi, mikono na mipango ya kesho, na kukua huko hakukuondoa seli moja kwenye tunguu. Kilichobadilika ni kigawanyo tu. Tajiri aliyenunua mashamba kumi mapya hajapoteza shamba lake la kwanza. Na zinapohesabiwa seli za neva zilizomo katika tunguu, idadi yake haitofautiani sana baina ya wanyama wanyonyeshao, wadogo kwa wakubwa, japokuwa miili yao inatofautiana mara maelfu. Gordon Shepherd, mtafiti wa ubongo wa Chuo Kikuu cha Yale, aliligeuza suala zima mwaka 2004: ubongo mkubwa ulio nyuma ya pua unaipa pua nguvu, kwa kuwa ndio unaolinganisha, unaokumbuka na unaotafsiri kile pua ilichokileta. Shepherd alitukumbusha pia njia ya pili ya harufu, ile ya nyuma ya koo. Tunapotafuna, harufu ya chakula hupanda kutoka kinywani hadi puani kwa ndani, na sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ni kazi ya njia hiyo. Anayesema hana haja na pua ajaribu kula pilau akiwa na mafua makali.

Tukitazame basi chombo chenyewe kinavyofanya kazi, maana hapo dharau inakosa pa kusimama. Kitu kinachonukia huachia molekuli nyepesi zinazoruka hewani. Tukivuta pumzi zinapanda hadi juu kabisa ndani ya pua, kwenye utando wa sentimita chache za mraba uliofunikwa na ute. Zikisha kuyeyuka kwenye ute huo zinakutana na mamilioni ya seli za neva, ambazo ziko karibu wazi kwa hewa ya nje, na ambazo mwili huzibadilisha: hufa na kuzaliwa upya maisha yote. Kila seli hubeba aina moja tu ya kipokezi. Linda Buck na Richard Axel walionyesha mwaka 1991 ukoo mkubwa wa jeni zinazotengeneza vipokezi hivyo, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Nyuzi za seli hizo hupenya katika matundu madogo ya mfupa, zile zenye kipokezi cha aina moja zikikutana mahali pamoja kwenye tunguu, na kutoka hapo habari huenda moja kwa moja kwenye gamba la ubongo na kwenye sehemu za hisia na kumbukumbu, bila kupitia kwanza kile kituo cha katikati ambacho kuona na kusikia hulazimika kukipitia. Binadamu ana aina 400 hivi za vipokezi. Molekuli moja huamsha vipokezi kadhaa, kipokezi kimoja huitikia molekuli kadhaa, na ubongo husoma mchanganyiko mzima. Vipokezi kumi tu, kila kimoja kikiwa kimeamka au kimelala, hutoa michanganyiko 1,024, na hapo hatujahesabu kwamba kuamka kwenyewe kuna viwango. Usambara ina mfano mzuri wa jambo hili. Katika vijiji vya Amani, upande wa mashariki, iliki hupandwa chini ya kivuli cha miti ya msitu. Upande wa Lushoto mikaratusi imejaa kwenye mashamba ya miti na kandokando ya njia. Mafuta ya iliki na mafuta ya aina nyingi za mkaratusi yana kiungo kikuu kimoja, sineoli. Kwa karatasi ya mkemia vinakaribiana sana. Lakini sijasikia mpishi aliyeweka jani la mkaratusi katika chai ya maziwa kwa kudhani ni iliki. Katika iliki sineoli imeandamana na viungo vingine, hasa asetati ya terpinili, na mchanganyiko huo pua huusoma papo hapo, bila darubini wala maabara.

Uwezo huo wa kutofautisha unafika mahali ambapo macho hayawezi kufika kabisa. Iko molekuli iitwayo karvoni, yenye maumbo mawili yaliyo sawa kwa kila kitu, isipokuwa kwamba moja ni sura ya mwenzake katika kioo, kama mkono wa kulia na wa kushoto. Umbo moja hunukia mnanaa. Jingine hunukia kisibiti. Vyombo vingi vya maabara havitambui tofauti hiyo mpaka viandaliwe kwa namna maalumu, lakini mtu wa kawaida huitambua akinusa mara moja. Ama kwa wepesi wa kuhisi kiasi kidogo, chukua ile harufu ya udongo inayopanda mvua za vuli zinapopiga ardhi kavu. Sehemu yake kubwa ni jiosmini, inayotengenezwa na bakteria wa udongoni, na ndiyo hiyohiyo inayoyapa mabitiruti ya mashamba ya Lushoto ladha yake ya udongo. Katika maji, watu wengi huihisi ikifika nanogramu 10 hivi kwa lita. Kwa hesabu ya kawaida, hiyo ni gramu moja iliyotiwa katika maboza 10,000 ya maji, kila boza likibeba lita 10,000. Kiwanda cha gesi nacho kinaitegemea pua hiyo tunayoambiwa ni butu: gesi ya mtungi haina harufu ya kutosha kumshtua mtu, kwa hiyo hutiwa kiasi kidogo mno cha merkaptani ili uvujaji utambulike jikoni. Wanaopanga kanuni za usalama wa nyumba za mamilioni ya watu wameiamini pua ya binadamu kuwa ndiyo king'ora cha kwanza. Wasingeiamini kama ingekuwa butu.

Hoja nzito kuliko ya Broca ni ya jeni, na inastahili jibu la heshima. Binadamu ana jeni zaidi ya 800 za ukoo huu wa vipokezi, na karibu nusu yake zimekufa; zimebaki kama maandishi yaliyofutika. Panya ana zaidi ya elfu moja zinazofanya kazi. Tembo wa Afrika, ambao wapo katika Hifadhi ya Mkomazi chini ya milima hii, wanazo karibu 2,000. Kwa hesabu hiyo, anasema mpinzani, tumepoteza nusu ya pua. Nakubali hesabu, nakataa tafsiri. Idadi ya vipokezi haituambii moja kwa moja ni nini kinaweza kutofautishwa. Macho yetu hutumia aina tatu tu za seli za rangi, na kwa hizo tatu tunaona rangi chungu nzima. Sijaona mtu akililia jicho kwa uchache huo. Matthias Laska wa Chuo Kikuu cha Linköping, Uswidi, amekusanya kwa miaka mingi vipimo vya kiasi kidogo kabisa ambacho kila mnyama hukihisi, na matokeo yake yamewaumbua wengi: kwa sehemu kubwa ya harufu zilizopimwa, binadamu hawi wa mwisho, na zipo harufu ambazo huwashinda panya wenye jeni mara mbili na nusu ya zake. Kila mnyama ana harufu zake za nguvu, kufuatana na anachokula na anachokimbia. Kuwapanga wote katika ngazi moja, wa juu mpaka wa chini, ni kosa lilelile la Broca katika vazi jipya.

Na mbwa je? Na panya buku wa Morogoro? Hapo ndipo mtetezi wa imani ya zamani hutabasamu akidhani amemaliza shauri. Tanzania ndiyo nchi yenye ushahidi bora: shirika la APOPO, lenye makao yake Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hufundisha panya buku kunusa baruti za mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Magawa, panya aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alipewa medali ya dhahabu nchini Uingereza mwaka 2020. Panya mmoja hupitia sampuli 100 za makohozi kwa dakika 20 hivi. Siwapunguzii sifa yao hata chembe. Lakini tuulize walichaguliwa kwa nini. Panya buku ni mwepesi, hawezi kulipua bomu akilikanyaga; pua yake iko ardhini muda wote; hunusa kwa kasi, mara kadhaa kwa sekunde; hulipwa ndizi; na kabla ya kwenda kazini hupitia mafunzo ya miezi tisa hivi, kila siku, harufu ileile, zawadi ileile. Ni wangapi kati yetu waliowahi kupewa miezi tisa ya mafunzo ya kunusa? Tunamlinganisha mhitimu na mtu ambaye hakuandikishwa shule, kisha tunatangaza kuwa wa pili hana akili. Hata pale mbwa anapotushinda kwa haki, na kwa kufuata nyayo anatushinda sana, kushindwa na bingwa si ulemavu. Tai anaona mbali kuliko sisi, na hatusemi kwa sababu hiyo kwamba binadamu ni kipofu.

Jaribio la kuondoa tofauti hiyo ya mafunzo lilifanyika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2007. Watu 32 walifungwa macho na masikio, wakavishwa glavu nene, wakapiga magoti kwenye nyasi ambako ulilazwa uzi wa mita 10 uliochovywa katika harufu ya chokoleti. Theluthi mbili waliufuata mpaka mwisho, wakiyumba kulia na kushoto kama mbwa anavyofanya anapofuata nyayo. Wachache waliorudi kufanya mazoezi kwa siku chache waliongeza kasi zaidi ya maradufu. Walipozibwa tundu moja la pua walikosea zaidi, ishara kwamba ubongo ulikuwa ukilinganisha matundu mawili kama unavyolinganisha masikio mawili. Mtu mzima kutambaa kwenye nyasi akinusa ni kichekesho, nakiri, na pengine kichekesho hicho ndicho kilichozuia jaribio hili kufanyika miaka mia kabla yake. Na kwa yule asemaye kwamba kunusa maradhi ni kazi ya panya peke yao, yuko Joy Milne, muuguzi mstaafu wa Uskoti aliyetambua kwamba harufu ya mumewe ilibadilika miaka mingi kabla ya madaktari kumwambia ana ugonjwa wa Parkinson. Watafiti wa Edinburgh walimpa fulana zilizovaliwa na watu 12, sita wagonjwa na sita wazima. Aliwatambua wagonjwa wote sita, na akasisitiza kwamba mmoja wa wale wazima naye anao. Miezi baadaye mtu huyo aligundulika kuwa nao. Maabara ya Perdita Barran, Chuo Kikuu cha Manchester, ikaanza kutafuta molekuli ambazo pua ya mama yule ilikuwa imekwisha kuzisoma.

Mpinzani atasema Milne ni mmoja kati ya mamilioni. Basi tumwache, turudi Usambara, ambako pua zilizofundishwa hufanya kazi kila siku bila medali. Majani ya chai, yawe ya Bulwa na Kwamkoro upande wa Amani au ya Mponde huko Bumbuli, hunyaushwa, hukatwakatwa, kisha huachwa yachachuke kabla ya kukaushwa kwa moto. Hatua ya kuchachuka ndiyo inayoamua ubora. Ikikatizwa mapema chai inabaki na ukali wa majani mabichi; ikicheleweshwa inakuwa pooza. Wakati huo harufu inabadilika: ya nyasi iliyokatwa inazama, inapanda ya maua na matunda, inashuka, halafu inapanda tena. Katika viwanda vya chai vya India vilele hivyo viwili vina jina lake kabisa, na jina lenyewe ni pua: pua ya kwanza na pua ya pili. Wahandisi wa huko wamehangaika kutengeneza mashine ya kuvikamata vilele hivyo, na kipimo cha kuonyesha kama mashine imefaulu ni kukubaliana kwake na watu. Msituni nako ni hivyohivyo. Miti ya Magamba na Amani hubeba majani yake mita 30 na zaidi juu ya kichwa, ambako macho hayapambanui jani na jani. Mtaalamu wa miti hukwangua gome kidogo na kunusa. Mkulo, ambao jina lake la kisayansi, Ocotea usambarensis, limebeba jina la milima hii, hujitambulisha kwa harufu inayofanana na kafuri kabla hujaona hata jani moja. Kama pua ya binadamu ingekuwa salio tu la kale, kazi hizi zisingewezekana. Na si kazi za watu wachache wenye kipaji tu; zinafanywa na mtu yeyote aliyefundishwa.

Kuna wanaojitetea kwa lugha: ikiwa pua ni kali hivyo, mbona hatuna maneno ya harufu kama tulivyo na ya rangi? Swali hili hujibiwa na watu wanaoishi msituni. Asifa Majid na Niclas Burenhult walichapisha mwaka 2014 utafiti wao juu ya Wajahai wa rasi ya Malaya, ambao hutaja harufu kwa wepesi uleule wanaotajia rangi, wakati wasemaji wa Kiingereza waliopewa harufu hizohizo walitapatapa. Upungufu uko katika lugha na maisha ya wanaolalamika. Mswahili aliyezaliwa pwani naye hana haja ya maelezo marefu kutofautisha shombo na uvundo, wala kikuba na udi. Wanaodhani binadamu wote hawana maneno ya harufu wamewahoji wanafunzi wa vyuo vya mijini, ambao chakula chao kimefungwa plastiki, wakawafanya hao ndio kipimo cha wanadamu.

Pingamizi lenye historia ndefu zaidi ni kwamba pua hudanganya. Ulaya iliamini kwa karne nyingi kwamba maradhi yanaletwa na uvundo. Malaria yenyewe imepewa jina la hewa mbaya. Wilaya ya Lushoto ilisumbuliwa na tauni tangu mwaka 1980 kwa zaidi ya miaka 20, na kilichoileta ni viroboto wa panya, ambao hakuna pua iliyoweza kutahadharisha juu yao. Sawa. Lakini kosa la uvundo lilikuwa kosa la nadharia. Pua ilisema kweli kwamba pana kitu kinachooza. Akili ndiyo iliyoongeza kwamba kuoza huko ndiko ugonjwa. Macho nayo yaliuona mwezi ukizama na jua likizunguka, na hatukuyafukuza kazi tulipogundua kuwa ni dunia inayozunguka. Wanasema pia kwamba pua huchoka: mtu akikaa nusu saa kwenye stoo ya vitunguu hasikii tena vitunguu. Ndivyo inavyotakiwa. Ngozi nayo huisahau shati dakika chache baada ya kuvaliwa. Chombo cha kutahadharisha kinaacha kuripoti kisichobadilika ili kiwe huru kuripoti kipya, na mtu huyohuyo aliyezoea vitunguu atainua kichwa mara moja moshi ukiingia.

Upande wangu nao una watu wa kuonywa. Mwaka 2014 ilitangazwa kwamba binadamu anaweza kutofautisha harufu trilioni moja, na vyombo vya habari vikaimba wimbo huo dunia nzima. Mwaka uliofuata watafiti wengine walionyesha kwamba kwa data zilezile na njia ileile, ukibadilisha kidogo tu vigezo, unaweza kupata idadi ndogo sana au kubwa kupita kiasi. Idadi ya zamani ya harufu 10,000, ambayo bado inasomwa vitabuni, nayo ilizaliwa na makisio ya miaka ya 1920. Anayetaka kuitetea pua haihitaji trilioni. Sineoli, karvoni na jiosmini zinatosha, kwa sababu hizo zimepimwa na yeyote anaweza kuzinusa.

Linabaki pingamizi la mwisho, la wenye haraka: hata kama ni kweli, inatufaa nini? Mwaka 2020 COVID-19 ilipowanyima watu wengi kunusa kwa ghafla, hospitali nyingi duniani ziligundua kwamba hazina hata rekodi ya kunusa kwa wagonjwa wao kabla ya hapo. Macho hupimwa kwa ubao wa herufi, masikio kwa mashine, pua kwa swali moja la kupita njia. Ilhali kupungua kwa kunusa ni miongoni mwa dalili zinazoweza kutangulia Parkinson kwa miaka. Kipimo chake cha awali hakihitaji umeme: mgonjwa afumbe macho, azibe tundu moja, anuse karafuu, kisha kahawa, kisha abadilishe tundu. Vitu hivyo vinauzwa sokoni. Atakayesema kwamba hata tukigundua hasara hakuna la kufanya, ajue kwamba Thomas Hummel na wenzake wa Dresden walionyesha mwaka 2009 kuwa waliopoteza kunusa hupata nafuu zaidi wakifanya mazoezi kuliko wakikaa bure. Mazoezi yenyewe ni kunusa harufu nne, asubuhi na jioni, kwa wiki 12: waridi, limau, karafuu na mkaratusi. Neva zinazokufa na kuzaliwa upya huonekana kufaidika na kazi hiyo, na hata ubongo hujipanga upya. Salio la kale lisilo na kazi halina tabia ya kupata nafuu kwa kufanyishwa mazoezi.